Medani ni ya vita au ya watu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja mkoani Tanga. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliandika katika insha yake: "Ngoma ilichezwa medanini hadi alfajiri." Nikamkata alama na kumwandikia pembeni kwamba medani ni ya vita, ngoma huchezwa uwanjani. Akanijia na hoja: redioni amesikia "medani ya Tahrir" ya Cairo, na kule watu walikuwa wamekaa chini na mahema yao, hawakuwa vitani. Kusema kweli nilikwama. Naomba unieleze: medani ni nini hasa, limetoka wapi, lina uhusiano na Madina? Na je, nilimwonea kijana wa watu?

JIBU: Mwalimu, salamu nyingi. Kwanza mpe mkono huyo kijana wako. Mwanafunzi anayeubishia wino mwekundu kwa ushahidi wa redio ni mwanafunzi anayeisikiliza lugha, na hao siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Suala la alama nitalirudia mwishoni, maana siwezi kulihukumu kabla hatujazunguka kidogo, na mzunguko wenyewe unapita Isfahan, Cairo, Kyiv na Kamukunji.

La Madina tulimalize sasa hivi. Hakuna uhusiano. Kwa herufi za Kiarabu Madina huandikwa mim, dal, ya, nun, na ta marbuta mwishoni. Medani, ambalo Waarabu hulitamka maydan, huandikwa mim, ya, dal, alif, nun. Ni sisi tunaoandika kwa herufi za Kilatini ndio tunaoyaona kama mapacha. Madini nayo yako mbali zaidi: katikati yake mna herufi ayn ambayo ulimi wetu uliimeza zamani.

Sasa asili. Wanakamusi wa kale wa Kiarabu waliliweka neno maydan (wingi wake mayadin) chini ya mzizi m-y-d, wenye maana ya kuyumba, kwenda huku na huku. Ndio mzizi unaokutana nao katika Sura ya An-Nahl, aya ya 15, pale inapoelezwa kwamba milima imewekwa ili ardhi isiyumbe. Ukiifuata njia hiyo, medani itakuwa mahali farasi wanapokwenda mbio na kurudi. Ni maelezo mazuri, karibu yanaonekana kwa macho. Lakini wanakamusi wale walikuwa na tabia ya kulitafutia kila neno baba Mwarabu, na wataalamu wengi wa leo wanalichukulia maydan kuwa neno la Kiajemi lililohamia Kiarabu mapema sana. Wapo wanaolihusisha na miyan, yaani "katikati". Nami naegemea upande wa Waajemi, kwa sababu moja rahisi: tazama lilikosambaa. Neno hili limekita mizizi kila mahali ambako Kiajemi kilikuwa lugha ya kasri na ya jeshi, kuanzia Asia ya Kati hadi India, na kwa Waturuki waliojifunza uungwana wao wa dola kwa Waajemi. Kwetu lilikuja kwa mlango wa Kiarabu, kama vile bandari, bustani na diwani, maneno mengine ya Kiajemi ambayo watu wengi huyaita ya Kiarabu kwa sababu Mwarabu ndiye aliyeyaleta.

Ukitaka kujua maana yake ya asili usifungue kamusi, nenda Isfahan, Iran. Mfalme Abbas wa Kwanza aliufanya mji huo makao makuu yake mwaka 1598, akaanza kujenga medani iliyo maarufu mpaka leo, Naqsh-e Jahan. Ina urefu wa takriban mita 560 na upana wa mita 160. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Upande mmoja pana msikiti wa mfalme, upande mwingine mlango wa soko, ubavuni kasri lenye roshani ya kutazamia. Na katika ncha zake mbili zimesimama nguzo za mawe. Mgeni hudhani ni mapambo, kumbe ni magoli. Pale palichezwa polo: wanaume juu ya farasi, virungu vya mipini mirefu mikononi, wanaugombea mpira mmoja mbele ya mfalme. Farasi wakishatolewa, wafanyabiashara walitandika bidhaa zao chini. Siku nyingine askari walipita kwa gwaride. Mahali ni pamoja, kazi nyingi. Kitu kimoja tu hakikubadilika: pamesafishwa, pako wazi, na yeyote atakayesimama katikati anaonekana na wote. Hiyo ndiyo medani. Vita ni tumizi mojawapo tu la mahali hapo, wala si maana yake.

Basi imekuwaje kwetu ikabaki vita peke yake?

Tuanze na sauti. Kiarabu kina -ay- ambayo Kiswahili huipokea kwa namna mbili. Mara nyingine huiacha ilivyo: aibu, haiba. Mara nyingine huikunja ikawa e: khayr ikawa heri, khayma ikawa hema, shaykh akawa shehe, bayt ikawa beti. Maydan lilifuata kundi la pili, likaongezewa i ya mwisho kama sultani na imani, likawa medani. Pengine utaliona kwenye maandishi ya zamani likiwa maidani au meidani. Ni neno lile lile kabla halijatulia. Wahindi wa pwani yetu nao walikuwa na lao: Mgujarati husema medan. Kwa hiyo duka lilikuwa na milango miwili, na aliyesikia neno kwa shehe msikitini angeweza kulisikia tena kwa Mgujarati sokoni.

Lakini lililolipa neno tabia yake ni utenzi. Fikiria namna watu wa pwani walivyokutana nalo mara ya kwanza. Hawakulikuta kwenye ramani ya mji, walilisikia likighaniwa. Tenzi za kale zinazosimulia vita vya Waislamu wa mwanzo zimejaa mashujaa wanaotoka kwenye safu za jeshi mmoja mmoja, wanataja majina yao na ya baba zao, kisha wanakabiliana medanini. Aliyekua akiyasikia hayo usiku kwa taa ya kandili hakuwa na picha nyingine ya medani isipokuwa vumbi, farasi na upanga. Ndiyo maana hadi leo kamusi zetu huliweka neno karibu na mapigano, jeshi likiwapeleka askari porini tunasema wako kwenye mazoezi ya medani, na mwandishi wa magazeti akitaka kuupandisha mori ushindani wowote hukimbilia hapo hapo: medani ya siasa, medani ya soka, hata medani ya urembo. (Hiyo ya mwisho nimeisoma kwa macho yangu. Nikawaonea huruma warembo.)

Sababu ya pili ni kwamba nyumba haikuwa tupu. Neno geni likifika kwenye lugha hukuta wenyeji wameshakaa kwenye viti, na kiti cha "mahali pa wazi pa watu wote" kilikuwa na mwenyewe wa siku nyingi: uwanja. Hapa, Mwalimu, naomba univumilie, maana ndipo ninapopapenda.

Uwanja ni Kibantu halisi. Liondolee kiambishi ubaki na -wanja, halafu rudisha ile w iwe b, kwa sababu Kiswahili kina desturi ya kuilegeza b ya mababu. Unapata -banja. Sasa vuka ziwa. Mganda ana kibanja, kipande cha ardhi anachokikalia mtu, neno ambalo kesi za ardhi za Uganda haziwezi kwenda bila hilo. Mnyarwanda ana ikibanza, kiwanja cha kujengea. Kwa Wachewa wa Malawi banja ni familia, watu wa nyumba moja. Wengi huiweka katika ukoo huo hata mbanza ya Wakongo, makao ya mtawala, iliyoko katika jina la mji mkongwe wa Mbanza Kongo kule Angola. Tazama yanavyozungukana: ardhi iliyosafishwa, boma lililojengwa juu yake, watu wanaokaa humo, na mkubwa anayewakusanya. Mwingereza alihitaji maneno manne. Babu yetu alilima mara moja, akavuna yote.

Kiswahili kimeliendeleza jambo hilo kwa kubadilisha viambishi tu. Kiwanja ni cha kununua, kina hati na wakati mwingine wenye hati wawili. Uwanja ni wa wote. Na wingi wake wa asili, nyanja, umepanda daraja ukaingia chuo kikuu: nyanja za elimu, nyanja za sayansi. Wanaosema "nyanja mbalimbali" kwenye makongamano wengi hawajui kwamba wanazungumzia nyua za kijiji. Vijana wa Dar es Salaam nao wamelishusha wapendavyo. Mtu akikwambia Ijumaa usiku anaelekea viwanja, usimtafute ofisi ya ardhi. Ukivuka mpaka kwenda Congo utakuta mji mzima unaoitwa Kiwanja, katika wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini.

Pia kuna uga. Kwa matumizi ya zamani ni eneo la wazi mbele ya nyumba au katikati ya kijiji, pale watoto wanapocheza na wazee wanapowatazama. Tanzania tumeliacha lisinzie, ila Wakenya wamelifanyia kazi: magazeti yao husema uga wa Nyayo, uga wa Kasarani, pale ambapo sisi tungesema uwanja. Nawasifu kwa hilo. Neno lisilotumika ni kama nyumba isiyolaliwa, popo huhamia.

Na la kukuchekesha: kiwanda. Katika nyumba za mawe za Lamu, kiwanda ni ua wa ndani, ule uliofunguka kuelekea mbinguni ili nyumba ipate mwanga na hewa. Kazi za mikono zikafanyika hapo penye mwanga, neno likaanza kunuka jasho, na leo tunapozungumzia uchumi wa viwanda, kwa masikio ya bibi wa Lamu tunazungumzia uchumi wa nyua.

Kwa hiyo medani ilipofika, nafasi ya amani ilikuwa imejaa. Uwanja ulishachukua ngoma, harusi, mikutano na mpira. Uga ulishachukua watoto. Mgeni akapewa kazi ambayo haikuwa na jina la fahari: uwanja wa mashujaa. Hakunyimwa maana zake nyingine kwa chuki, hazikuhitajika tu.

Uone mambo yalivyo, kuna neno lililokuwa jirani ya medani kule Uarabuni, nalo likapata bahati kinyume kabisa. Kwa Kiarabu baraza ni kitendo: alitoka, alijitokeza mbele za watu. Na wapiganaji wawili wanapotoka kwenye safu ili wapambane peke yao, kitendo hicho huitwa mubaraza. Mahali pake ni medanini. Maneno hayo mawili yalikuwa yakitembea pamoja, vumbi moja. Lakini Waomani walikuwa na barza, kikao cha wazi ambapo mtawala au liwali hujitokeza na yeyote mwenye shida akamfikia. Masultani wa Unguja walikaa vikao hivyo, na sisi tukalichukua neno kutoka hapo, upande wa kikao na si upande wa upanga. Tukalifanya benchi la mawe nje ya nyumba, tukalifanya mazungumzo yanayofanyika juu ya benchi hilo, tukalipandisha hadi Baraza la Mawaziri. Wawili walitoka kijiji kimoja. Mmoja akawa mzee wa mtaa, mwingine akabaki askari. Mwanafunzi wako amemwona askari siku ya mapumziko, hana sare, akadhani ni mtu wa kawaida. Je, ni kosa?

Kabla ya kumjibu, tuangalie medani ilivyoishi kwa watu wengine, maana hapo ndipo hoja yake ya Tahrir ina nguvu.

Kwa Mhindi maidan ni uwanja wowote, na Azad Maidan ya Mumbai ni maarufu kwa kriketi na kwa maandamano. Kolkata wana eneo kubwa wanaloliita Maidan tu, bila jina la ziada, na historia yake ina fundisho. Baada ya vita vya Plassey vya mwaka 1757 Waingereza walijenga ngome mpya, wakafyeka kila kilichokuwa mbele yake ili mizinga isizuiwe na kitu. Ulikuwa uwazi wa kuulia watu. Leo panachezwa mpira, mbuzi wanachungwa, wapenzi wanakula karanga. Kwa Wamalei na Waindonesia neno ni medan, karibu sawa na letu, na nao husema medan perang, uwanja wa vita; lakini kwao medan selera ni mahali palipokusanyika vibanda vya vyakula. Waserbia walilipata kwa Waturuki, likawa megdan, na maana yake ni pambano la watu wawili: mahali pamegeuka kuwa tendo. Waromania nao walilipata huko huko, lakini kwao maidan ni kiwanja kilichotelekezwa, chenye majani na mbwa koko, hata mbwa wenyewe wakapewa jina kutokana nacho. Jirani mmoja akapata ushujaa, mwingine akapata jalala. Istanbul wana Taksim, na wana At Meydanı, "medani ya farasi", pale palipokuwa uwanja wa mashindano ya magari ya kukokotwa tangu enzi za Warumi.

Sasa Cairo. Mahali pale paliitwa Ismailia, kwa jina la Khedive Ismail, mtawala wa zamani wa Misri, na baada ya mapinduzi ya 1952 pakawa Midan at-Tahrir. Wamisri hutamka midan. Tarehe 25 Januari 2011 watu walianza kumiminika, na Rais Hosni Mubarak akaachia madaraka tarehe 11 Februari. Watangazaji wetu walikuwa na kazi ya kutafsiri kila saa; wengine wakasema uwanja wa Tahrir, wengine medani ya Tahrir. Waliosema medani hawakutafsiri hata kidogo. Walilirudisha neno kwa mwenyewe.

Na hilo Tahrir lenyewe tunalo pia. Mzizi wake ndio uliotupa huru na uhuru. Kwa Kiarabu tahrir ni kuweka huru, na pia ni kuandika na kuhariri. Kutoka maana ya pili tukapata mhariri na tahariri ya gazeti. Kwa hiyo jina zima, Midan at-Tahrir, Mswahili anaweza kulisoma kwa maneno ya nyumbani kwake, ila akiwa mzembe atapata "uwanja wa tahariri", na wahariri watafurahi.

Ukishaliona hilo utaanza kuona kitu kingine. Medani hupenda sana kuoana na uhuru. Mji wa Kyiv, Ukraine, una Maidan Nezalezhnosti, na neno la pili maana yake ni uhuru wa nchi. Pameitwa hivyo tangu 1991, baada ya kubadilishiwa majina kadiri watawala walivyobadilika. Jakarta ina Medan Merdeka: uhuru. Tehran ina Meydan-e Azadi, Baku ina Azadlıq meydanı, na Azad Maidan ya Mumbai nimeshaitaja: zote ni uhuru. Dar es Salaam tuna Uwanja wa Uhuru, palipopandishwa bendera usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na Nairobi wana Bustani ya Uhuru. Sisi tulitumia maneno ya amani, wenzetu wakatumia medani. Lakini kitu kilichofanyika hapo ni kile kile: watu waliokuwa wametawanyika walisimama mahali pa wazi wakaonekana.

Kyiv wamekwenda mbali zaidi. Neno liliwafikia Waukraine kupitia majirani zao wenye lugha za Kituruki. Baada ya maandamano ya mwaka 2004 na yale makubwa zaidi ya kuanzia Novemba 2013 hadi Februari 2014, Maidan haikuwa tena mahali tu. Ukawa mwamko wenyewe. Mtu husema "wakati wa Maidan" kama sisi tunavyosema "wakati wa Azimio". Waserbia walikuwa wamefika hapo karne nyingi nyuma na megdan yao.

Usidhani hayo ni ya Ulaya tu. Nairobi kuna uwanja unaoitwa Kamukunji. Tarehe 7 Julai 1990, siku ambayo Wakenya wanaikumbuka kwa jina la Saba Saba, watu walielekea huko kudai vyama vingi ingawa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku, na polisi wakawakabili. Leo kamukunji kwa Mkenya, likiandikwa kwa herufi ndogo, ni mkutano wa dharura usio rasmi. Wanafunzi wa vyuo huitisha kamukunji chini ya mti. Wabunge nao huwa na kamukunji, wakiwa wamekaa kwenye viti vya ngozi. Jina la mahali limekuwa jina la kukutana. Katika Kiswahili kizima sina mfano bora kuliko huo, na ningependa uupeleke darasani kabla ya huu wangu wa Isfahan.

Neno moja kuhusu kosa ambalo ni baya kuliko la mwanafunzi wako. Siku hizi nakutana na "mraba" kwa maana ya uwanja wa mji: "watu walikusanyika katika mraba". Mraba ni umbo, lina pande nne zilizo sawa. Kiingereza ndicho kilichotumia neno la umbo kuitia mahali, na mfasiri aliyechoka akabeba umbo akaacha mahali. Watu hawakusanyiki ndani ya umbo. Akikuandikia hivyo, mkate alama mbili na usimrudishie. Red Square ya Moscow, kwa mfano, wala si mraba, ni ndefu kama mbao. Na kwa Kirusi cha zamani hata huo wekundu ulikuwa na maana ya uzuri. Mwite uwanja, uishe.

Plaza je? Hilo lina kituko chake. Wagiriki walikuwa na plateia, njia pana. Likapita Kilatini, Waitaliano wakalifanya piazza na Wahispania plaza, uwanja wa mji. Likafika Afrika Mashariki likapanda juu: kwetu plaza ni jengo la ghorofa lenye maduka chini na ofisi juu, na mlinzi mlangoni anayekuuliza unakwenda wapi. Njia pana ya Mgiriki imekuwa mahali pa kuandikisha jina kwenye daftari.

Pwani yetu kwa kweli haikuhangaika sana na neno la jumla. Tulipaita mahali kwa mti wake. Lamu, mbele ya ngome, ni Mkunguni. Unguja, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ni Mnazi Mmoja. Mombasa wana Mwembe Tayari, Temeke kuna Mwembe Yanga. Mti ulitoa kivuli, kivuli kikaleta watu, na mti ukifa jina linabaki limesimama. Dar es Salaam nayo ina Mnazi Mmoja, ile ambayo wakoloni waliiacha wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na sehemu nyingine za mji. Kisha TANU ikaitumia kwa mikutano yake. Ni hadithi ya Kolkata kwa lugha nyingine: aliyefyeka alifyeka kwa sababu yake, waliokuja kusimama walikuwa na sababu yao.

Haya, alama. Kwa Kiswahili cha leo ulikuwa na haki ya kushtuka. Medani kwetu ina harufu ya mapambano, na ngoma ya harusi au ya kumcheza mwali haina mpinzani. Hiyo ni ya uwanjani, au ya ugani ukitaka kuwafurahisha Wakenya. Lakini maandishi yako ya pembeni yalikuwa mafupi mno. Medani si ya vita. Ni ya kujitokeza mbele ya watu kwa ajili ya kushindana, na vita ni namna moja ya kushindana.

Nawe uko Tanga, Mwalimu. Huko huko kwenu, miaka ya ukoloni, vijana walikuwa wakicheza beni kwa makundi mawili, Marini na Arinoti, wamevaa kama askari, wana vyeo vya kijeshi, wanapiga kwata na matarumbeta, kila kundi likijitahidi kulifedhehesha jingine kwa nyimbo, mavazi na karamu. Ngoma ya namna hiyo ikikesha hadi alfajiri, sijui neno lingine linaloifaa kuliko medanini.

Kabla hujamrudishia alama, muulize ilikuwa ngoma gani.